Tafakuri ilinipa amani, sasa inaninyima usingizi

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Kirumba, Mwanza, na mume wangu na watoto wetu watatu. Nauza dagaa wakavu kwa jumla pale Mwaloni, biashara aliyoniachia mama yangu. Mama alifariki mwezi wa 8 mwaka jana baada ya kuugua wiki tano. Tulimzika kwao Ukerewe siku ya Alhamisi, na Jumatatu nilikuwa sokoni napokea magunia, maana mzigo ulishalipiwa na mteja wa Kongo alikuwa anasubiri.

Kwaresima ya mwaka huu nilikwenda mafungo ya siku tatu na wanawake wenzangu wa parokia. Sista mmoja alitufundisha tafakuri ya kimya. Unakaa mgongo wima, unafuata pumzi yako, unalitaja jina la Yesu taratibu, wazo likija hulifukuzi wala hulifuati. Dakika 15 tu. Shangazi, sikuwahi kujua kama ndani ya mtu kuna mahali patulivu hivyo. Nikarudi nyumbani nikaendelea. Baadaye kijana wangu akaniwekea kwenye simu programu ya kutafakari, inakuhesabia dakika na siku ulizokaa bila kukosa. Nikawa naongeza. Nusu saa, saa nzima, sasa ni saa moja na nusu. Naamka saa 9 usiku, kwa sababu saa 11 natakiwa niwe njiani kwenda sokoni. Jumatano na Ijumaa nafunga mpaka jioni.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa asali. Niliacha kugombana na wapagazi, nikawa mpole hata kwa wadaiwa wangu, mume wangu mwenyewe akasema nimebadilika. Lakini tangu mwezi wa 7 mambo yamegeuka. Nikikaa, machozi yanatoka bila sababu. Kifua kinabana. Wakati mwingine hasira inapanda, hasira kali, na sijui namkasirikia nani. Sala zangu za kawaida zimekuwa kama kutafuna pumba. Kwaya niliyoimba miaka 12 inanichosha. Wenzangu sokoni wakianza umbea natamani kukimbia, nao wameshaona, wananiita sista. Usingizi wangu kwa usiku mzima ni wa saa tatu au nne tu, basi.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea wiki iliyopita. Nilikuwa nachambua dagaa kwenye turubai, natoa vijiti na vijiwe. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, ila niliiona kama mikono ya mtu mwingine, na kelele za soko zikawa kama zinatoka nyuma ya ukuta. Ilidumu kama robo saa. Niliogopa, nikakaa juu ya gunia mpaka ikaisha.

Rafiki yangu mmoja anasema nimewafungulia mapepo mlango, niende nikaombewe. Mwingine, anayefuatilia mafundisho ya tafakuri mtandaoni, anasema hapo ndipo mtu anapopanda daraja la kiroho, niongeze muda wala nisirudi nyuma. Moyo wangu unaniambia niuze biashara, niache kwaya, nirudi Ukerewe nikakae kimya kwenye shamba la mama. Mume wangu sijamwambia. Je Shangazi, ninakua au ninapotea?

Mama Dagaa, Kirumba

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikashika kalamu nikahesabu. Mama yako alifariki mwezi wa 8 baada ya kuugua wiki tano. Basi alianza kuugua mwezi wa 7. Na wewe unaniambia mambo yako yamegeuka mwezi wa 7, halafu unaandika kwamba machozi yanatoka bila sababu.

Ulimzika Alhamisi, Jumatatu ukawa unapokea magunia. Sikulaumu, najua mteja aliyelipa hasubiri, na najua ada za watoto. Lakini tazama ulichokikosa. Mfiwa kwetu hukalishwa chini kwenye mkeka. Hapiki, hauzi, hahesabu fedha. Wanawake wanamzunguka, mmoja anamshika mgongo, mwingine anamletea uji, na kila anayeingia analia upya naye analia pamoja naye. Wewe mkeka huo uliuacha siku ya nne. Mwaka mzima umembeba mama yako ukiwa umesimama. Kisha Kwaresima ukajitandikia mkeka mwingine, wa saa 9 usiku, na hapo kwenye kimya msiba ukapata nafasi ya kukaa. Tofauti ni kwamba safari hii uko peke yako gizani, hakuna wa kukushika mgongo.

Kwa hiyo machozi hayo yana sababu, na yana haki. Hata hasira. Sitakuambia unamkasirikia nani, maana wewe ndiye uliyekuwepo wiki zile tano, unajua nani alikuja na nani hakuja, nani alichangia na nani alizima simu. Huenda hata Mungu yumo kwenye orodha hiyo. Anaweza kuivumilia.

Tafakuri haikuyatengeneza haya. Ukiacha kuhangaika ndani, kilichokuwa chini huja juu, na mara nyingi hakiji kwa mpangilio. Watu wengi huanza kutafakari kwa kutafuta utulivu, wakaupata miezi ya mwanzo kama ulivyoupata, kisha wakashtuka utulivu uleule ulipoanza kuwafunulia mambo. Wakadhani wameharibu. Hujaharibu kitu.

Suala la kwaya na umbea wa sokoni sitalikawilia. Mtu akibadilika, ladha zake zinabadilika, na kuna upweke kidogo katikati, pale ambapo ya zamani hayakolei na mapya hayajaja. Vumilia hapo. Usianze tu kuwaona wenzako wa sokoni kuwa watu wa chini. Hao wanaokuita sista ndio watakaokubeba ukianguka.

Sala kuwa kama pumba, hilo limewapata watu wakubwa kuliko mimi na wewe. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania aliyefariki mwaka 1591, aliliita usiku wa giza, na alitoa alama za kulitambua. Mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, na haioni pia katika mambo mengine ya dunia. Anahangaika moyoni akidhani amemwacha Mungu. Na hawezi tena kusali kwa kuwaza na kujenga picha kama zamani. Waislamu wenye kushika uradi nao wana neno lao, qabdhi, yaani kubanwa, na mwenzake ni basti, kukunjuliwa, na mashekhe wao wanafundisha kwamba hali hizi mbili hupokezana. Lakini kuna jambo moja la Yohane ambalo wengi wanaomtaja hulisahau: alionya kwamba ukavu kama huo unaweza pia kutoka kwenye udhaifu wa mwili au huzuni ya ugonjwa. Padri wa karne ya 16 anakuambia uchunguze na mwili.

Ndiyo maana sasa nataka tuzungumzie mikono yako.

Mwanangu, hilo la kuiona mikono kama ya mtu mwingine nimelisoma huku moyo unanidunda. Si pepo. Si daraja la kiroho pia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao, walichapisha utafiti ambamo waliwahoji watu wanaofanya tafakuri za Kibuddha pamoja na walimu wao, wakiwauliza hasa kuhusu magumu yasiyosemwa. Waliorodhesha aina 59 za mambo yaliyowapata. Hofu imo, kukosa usingizi kumo, kulia kumo, na kujihisi umejitenga na mwili wako au dunia kuonekana si halisi kumo. Wengine yaliwapitia haraka, wengine yaliwasumbua muda mrefu. Kwa hiyo hauko peke yako, na hujarukwa na akili. Ila hiyo ni taa nyekundu. Mwili unakuambia kiasi kimezidi.

Hebu tazama hesabu ulizonipa mwenyewe. Usingizi wa saa tatu au nne. Kufunga siku mbili kwa wiki huku unashinda juani unasimamia magunia. Tafakuri iliyotoka dakika 15 ikafika 90, bila mtu anayekutazama usoni. Na mwaka wa msiba unatimia. Hata ngamia angekaa chini. Hiyo programu ya simu inajua umekaa siku ngapi mfululizo, haijui kwamba macho yako yameingia ndani. Ningekuwa jirani yako ningekuomba uifute leo, kwa sababu inakufanya uogope kukosa siku moja, na sala ya kuogopa kukosa hesabu inakuwa kama mchezo wa upatu.

Nikupe kisa ninachokipenda, maana wewe ni mtu wa parokia. Mwaka 1522 Inyasi wa Loyola alikaa Manresa, Hispania, akiwa ndio kwanza ameongoka. Alisali saa saba kwa siku akiwa amepiga magoti. Dhamiri ikaanza kumtesa usiku na mchana, akafika mahali pa kushawishika kujitupa shimoni. Akaamua kutokula kabisa mpaka Mungu amsaidie, akamaliza wiki nzima. Padri muungamishi wake aliposikia, alimwamuru ale. Akala. Na jingine: aligundua kwamba faraja kubwa na mawazo matamu ya kiroho yalimjia saa ile anayotaka kulala, yakamla usingizi wake mchache. Akajiuliza kwa nini yaje saa hiyo wakati alishampa Mungu saa nyingi za mchana. Akayaacha, akalala. Huyo ni mtakatifu, na alilala.

Rafiki yako wa mtandaoni anasema ongeza. Mwambie wewe ni mtu wa dagaa. Mbalamwezi ikiwaka ziwani, taa za wavuvi hazivuti kitu. Mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanavuka kwenda kuona familia zao. Sokoni mzigo unapungua na hushangai, ulishajipanga. Hujawahi kumsikia mvuvi wa Ukara au Goziba akisema kwa kuwa jana sikupata, leo nitakaa majini mara mbili. Anangoja giza lirudi. Na likirudi, ndilo linaloleta dagaa.

Basi kwa wiki tatu, acha kabisa kikao kirefu. Usifunge macho kutafakari. Badala yake, jioni ukitoka sokoni tafuta jiwe, Kirumba hakuna anayekosa jiwe la kukalia. Likiwa bado na joto la jua, weka viganja viwili juu yake, macho wazi, vua viatu. Taja kwa sauti ya chini unachokiona: nguo zimeanikwa, korongo juu ya bati, mtumbwi unarudi, mtoto kabeba ndoo. Dakika kumi zinatosha. Litaje na jina la Yesu ukitaka, kama sista alivyokufundisha. Na hali ile ya mikono ikikurudia, fanya hivyohivyo hapo ulipo. Shika gunia, sikia ukali wa katani, nawa uso kwa maji ya baridi, mwite mwenzako kwa jina akuulize jambo lolote. Kutembea kando ya ziwa ni kuzuri pia, ila baki nchi kavu, kichocho kipo kwenye mwambao wetu.

Kufunga, acha mpaka upate ruhusa ya mtu anayekujua. Kula ugali wako na sato, kula mchicha. Uende ukapimwe pia wingi wa damu, malaria na tezi la shingo, kwa sababu kifua kubana na usingizi kukatika vinaweza kuwa na mizizi huko, na itakuwa huzuni kuhangaikia roho huku damu ndiyo iliyopungua.

Mtafute yule sista. Alikupa dakika 15, nyingine umeziongeza mwenyewe na simu. Mweleze yote, na la mikono usiliache. Mwongozaji wa kiroho mwenye hekima hatakuambia kaza tu, wala hatakukemea kama mtu mwenye pepo. Yule rafiki wa mapepo usimkasirikie, ameogopa kwa ajili yako na ametumia lugha aliyonayo. Mkubalie akuombee ukipenda, lakini maombi yasichukue nafasi ya usingizi.

Sasa nifike kwenye kinachonitisha zaidi katika barua yako, nacho umekiandika kwa sentensi moja tu. Kuuza biashara na kuhamia Ukerewe.

Mwaka niliofiwa na mume wangu nami nilikuwa nakaa kimya kila alfajiri. Ilifika wakati kila kitu kilionekana kelele, kazi, watu, hata harufu ya ofisi. Usiku mmoja saa 8 niliandika barua ya kuacha kazi, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi mno, nikasema huu ndio wito. Asubuhi niliipeleka. Wepesi ule ulikaa siku tisa, nimezihesabu mara nyingi. Baada ya hapo ilibaki huzuni ileile, ila sasa haikuwa na mshahara wala watu wa kuizungukazunguka. Ilinichukua miaka minne kupata kazi nyingine. Hakuna aliyenishauri vibaya. Sikumwambia mtu, kama wewe usivyomwambia mumeo.

Inyasi aliacha kanuni kwa watu wa hali hiyo. Wakati wa ukiwa wa roho, mtu asibadilishe uamuzi wowote, asimame kwenye yale aliyoyaamua kabla ukiwa haujaja. Mimi naiongezea ya kwangu: hata wepesi unaokuja katikati ya ukiwa usiuamini haraka. Pengine kweli miaka miwili ijayo utarudi Ukerewe, na litakuwa jambo jema. Shamba halihami. Kwaya waombe mwezi mmoja wa kupumzika, usiandike barua ya kujitoa. Soko endelea, ila mtafute mtu wa kukupokelea mzigo wa alfajiri siku mbili tatu kwa wiki.

Ukerewe nenda, lakini nenda kwa siku nne, mwezi wa 8, na mumeo, watoto na ndugu. Kaeni hata chini ya mwembe mtandike mkeka. Msomeeni mama misa. Lia mbele ya watu wanaomjua. Mkeka ule ulioukosa bado unakungoja, hata kama umechelewa mwaka.

Na haya nayasema bila kuzunguka. Ukipita siku mbili tatu bila kulala na wala husikii uchovu, ukisikia sauti zinazokuamuru, hali ile ya mikono ikidumu siku nzima, au wazo la kutotaka kuishi likipita kichwani hata mara moja, hapo huendi kwangu wala kwa sista kwanza. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza. Bugando kuna madaktari wa afya ya akili, na hawatakucheka. Kama kwenu kuna ndugu aliyewahi kuugua akili, mwambie daktari mapema. Dawa na sala havijawahi kugombana.

Umeniuliza unakua au unapotea. Unakua, mwanangu, na umechoka sana, na umefiwa.

Leo usiku mwambie mumeo. Mpe barua hii asome kama maneno hayatoki. Simu iache sebuleni, izime ile kengele ya saa 9. Na kesho alfajiri usiamke kukaa. Lala mpaka yeye ndiye akuamshe.